Kungoja, kupatana au kushtaki: namna ya kulipima deni la biashara kabla ya kwenda mahakamani

Ankara ilipaswa kulipwa miezi mitatu iliyopita. Umepiga simu mpaka mhasibu wa upande wa pili anakutambua kwa sauti, na jibu halibadiliki: bosi amesafiri, mfumo wa malipo una hitilafu, njoo Ijumaa. Ijumaa zimepita nyingi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na wewe sasa uko matangani hujui utaondoka lini.

Neno linalokuja mdomoni ni "nampeleka mahakamani". Huenda ndilo neno sahihi. Ila hasira ina tabia ya kuchanganya mambo mawili: kushinda kesi na kulipwa. Hukumu ni tamko la mahakama kwamba kweli unadai. Haiingizi pesa kwenye akaunti yako. Kazi ya kuzitafuta pesa zenyewe huanza baada ya hapo, na mara nyingi wewe ndiye unayeigharimia. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kushtaki, simuulizi kwanza anadai kiasi gani. Namuuliza mdaiwa wake ana nini, kiko wapi, na kimeandikwa kwa jina la nani.

Swali la pili ni kwa nini hajalipa. Hapo wadaiwa wa biashara nawagawa mafungu matatu: asiyeweza, asiyetaka na anayebisha. Dawa ya deni ni kulipa, hilo halina ubishi, lakini kila mmoja wa hawa watatu hunyweshwa dawa hiyo kwa njia yake. Ukikosea fungu, utamfungulia kesi mtu aliyekwisha filisika, au utambembeleza mwaka mzima mtu mwenye pesa zake benki.

Utamjuaje?

Asiyeweza huwa anapokea simu, angalau mwanzoni. Analipa vipande vipande. Ukiuliza sokoni utasikia si wewe peke yako unayemdai: mwenye nyumba anamdai, madereva wake wanadai mishahara, na hundi yake anaomba isipelekwe benki mpaka mwisho wa mwezi.

Asiyetaka ni hodari wa danadana. Biashara yake inakwenda, ananunua mzigo mpya kwa wengine, tena taslimu, lakini ankara yako ndiyo isiyosainiwa. Huyu amefanya hesabu na kuona kwamba wewe ndiye mkopeshaji wake wa bei nafuu kuliko benki: hutozi riba, hushiki dhamana, na ukikasirika unatuma ujumbe tu.

Anayebisha anasema deni si halali au si kubwa kiasi hicho. Mzigo ulifika pungufu, kazi ilikuwa chini ya kiwango, bei haikuwa ile. Hapa kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyote: tarehe. Ubishi wa kweli huzaliwa mapema, siku ya kupokea mzigo au wiki ile ile, na huacha alama ya maandishi. Ubishi wa kutunga huzaliwa siku barua ya wakili inapofika. Rudi kwenye barua pepe na ujumbe wa simu, utafute mara ya kwanza alipolalamika. Kama hakuna lalamiko hata moja kabla hujaanza kudai, unashughulika na fungu la pili lililovaa nguo za fungu la tatu.

Asiyeweza: mpango wa malipo au kesi?

Nianze na huyu kwa kuwa ndiye anayewapotezea watu pesa nyingi zaidi kwa kushtakiwa bila mpango.

Mdaiwa akifilisika rasmi, mali iliyobaki hugawanywa kwa foleni. Mbele hukaa wenye dhamana, kwa kawaida benki iliyoshika hati ya jengo au kadi za magari. Sheria za nchi nyingi huwatanguliza pia wafanyakazi, na mara nyingine mamlaka ya kodi. Wewe uliyepeleka mzigo kwa mkopo bila dhamana uko nyuma kabisa, na mara nyingi foleni ikifika kwako kapu ni tupu. Tena ufilisi ukishaanza, kesi za mtu mmoja mmoja kwa kawaida husimamishwa. Unaweza ukawa umelipa ada, umelipa wakili, umebakiza miezi miwili kupata hukumu, kisha ukaambiwa uungane na wenzako.

Kwa mdaiwa wa aina hii, mpango wa malipo ulioandikwa vizuri karibu daima unaishinda kesi. Lakini nasema ulioandikwa vizuri. Ahadi ya mdomo ni ile Ijumaa yenu ya kila wiki. Mpango wenye meno unaanza na yeye kukiri deni kwa maandishi: kiasi kamili, ankara zipi, na kwamba hana madai yoyote dhidi yako. Unafuata na malipo ya kwanza siku ile ile ya kutia saini, hata yawe madogo, maana asiyeweza kutoa hata kidogo leo hatatoa kikubwa mwezi ujao. Kisha kifungu kinachosema akikosa awamu moja, deni lote lililobaki linadaiwa mara moja. Na ukiweza, mdhamini: mkurugenzi au mmiliki aweke saini yake binafsi.

Saini hiyo ya mdhamini ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kampuni yenye dhima ya ukomo ni mtu mwingine kabisa machoni pa sheria, kanuni iliyothibitishwa Uingereza katika kesi ya Salomon mwaka 1896 na kurithiwa na nchi nyingi. Jumba la mmiliki unalopita mbele yake kila siku halidaiwi na wewe. Linalodaiwa ni jina la kampuni, ambalo pengine linamiliki meza nne na printa. Mmiliki akijidhamini binafsi, ukuta huo una mlango.

Faida nyingine ya hati ya kukiri deni nitaigusa kwenye suala la muda. Ila itoshe kusema hapa kwamba mpango ukivunjika, hujapoteza kitu: unaingia mahakamani ukiwa na ushahidi bora kuliko uliokuwa nao mwanzo.

Asiyetaka: barua yako, barua ya wakili, wakala au kesi?

Huyu ndiye mahakama ilitengenezewa. Hata hivyo wengi wa fungu hili hulipa kabla hakimu hajawaona, mradi waamini kwamba safari hii hutanii. Shida ni kwamba umeshawafundisha wasikuamini. Ukitishia kesi mara nne bila kuifungua, tishio la tano ni salamu.

Barua ya madai unayoiandika mwenyewe ni ya bei ya chini na mara nyingi inatosha, ikiwa na mambo yafuatayo: jina kamili la kisheria la mdaiwa, namba na tarehe za ankara, jumla, riba kama mkataba unaitaja, tarehe ya mwisho (siku 7 hadi 14 ni desturi ya wengi), akaunti ya kulipia, na hatua itakayofuata. Iwe fupi. Iwe ya adabu pia, kwa sababu siku moja inaweza kusomwa na hakimu. Ipeleke kwa njia itakayothibitisha kwamba imepokelewa.

Barua ile ile ikiwa na nembo ya wakili inaongeza jambo moja tu: inaonyesha umeshatoa pesa. Kwa asiyetaka, hiyo ndiyo habari anayoihitaji. Ukiniuliza, usiruke moja kwa moja kwa wakili. Tuma yako kwanza, acha muda uishe, halafu ya wakili iingie siku inayofuata bila kuchelewa hata kidogo. Ule ukali wa kutochelewa unamwambia mengi.

Kuna jambo usiloliweka kwenye barua yoyote: tishio la polisi au jela. Deni la kawaida la biashara ni la madai, si la jinai. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 11, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Utapeli ni habari nyingine, na baadhi ya nchi hufanya kosa la jinai kutoa hundi isiyo na fedha, lakini kulitumia jeshi la polisi kama mkusanyaji wa ankara kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Vivyo hivyo kumtangaza mitandaoni: deni likiwa na ubishi hata kidogo, umemkabidhi kesi ya kashfa.

Wakala wa kukusanya madeni anafaa ukiwa na madeni mengi madogo yasiyostahili wakili. Huchukua asilimia ya anachokusanya, kwa hiyo asipopata wewe hulipi kitu, au unalipa kidogo. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba anazungumza kwa jina lako. Akitukana, umetukana wewe. Kwa deni moja kubwa la mteja anayejulikana, mimi nisingemtumia.

Barua zikishindwa, nenda. Na kwa deni lisilo na ubishi wa kweli, uliza kwanza njia za mkato, kwa sababu mifumo mingi inazo. Nchini Kenya, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2006 inaruhusu amri ya malipo kwa madeni yanayovuka mipaka: mdaiwa ana siku 30 za kupinga, asipopinga amri inakazwa, yaani inatekelezwa kwa nguvu. Mahakama za kawaida nyingi pia zina utaratibu wa hukumu ya haraka pale ambapo utetezi ni wa kujaza karatasi tu. Hapa ndipo ile hati ya kukiri deni inapong'aa.

Anayebisha: mpatanishi, msuluhishi au hakimu?

Kabla ya yote, soma mkataba. Ukiwa na kifungu cha usuluhishi, yaani mlikubaliana ugomvi uamuliwe na msuluhishi badala ya mahakama, ukakimbilia mahakamani, mdaiwa ataomba kesi isimamishwe na kwa kawaida atakubaliwa. Miezi imekwenda, na bado hujasema lolote kuhusu deni.

Mpatanishi haamui kitu. Anawakalisha, anawasikiliza, anabeba ofa kutoka chumba hiki kwenda kile. Inafaa pale ambapo kila upande una kipande cha ukweli: mzigo ulifika, ni kweli, lakini makasha kumi yalikuwa yameloa. Inamalizika kwa siku moja au mbili, haitangazwi, na mnaweza kupatana mambo ambayo hakimu hana uwezo wa kuyaamuru, kama punguzo kwenye oda ijayo. Mmoja akija kupoteza muda, imepotea siku, basi.

Msuluhishi anaamua, na uamuzi wake unafunga. Nguvu yake kubwa huonekana mdaiwa akiwa nchi nyingine, maana Mkataba wa New York wa mwaka 1958 umezifunga nchi zaidi ya 150 kutambua na kukaza tuzo, yaani maamuzi ya wasuluhishi, zilizotolewa kwingine, wakati hukumu ya mahakama yako huenda isitambulike kabisa ng'ambo. Udhaifu wake ni gharama. Hakimu analipwa na serikali, msuluhishi mnamlipa ninyi. Kwa deni dogo, ada yake inaweza kulimeza.

Hakimu ni wa pale ambapo unahitaji nguvu ya dola: shahidi aitwe kwa lazima, mali izuiwe isiuzwe. Lakini kumbuka mlango wa mahakama unafunguka pande zote. Kama kazi yako ilikuwa na kasoro, madai yako ya deni yatajibiwa na madai kinzani ya hasara, na unaweza kutoka umepungukiwa. Kabla ya kumshtaki anayebisha, mpe mtu asiyekupenda sana asome faili lako lote.

Niseme neno moja kuhusu ombi la kumfilisi mdaiwa, kwa kuwa kuna wanaolipenda kama rungu. Uingereza na Kenya, kwa mfano, kampuni ikipewa notisi rasmi ya madai na siku 21 zikapita bila kulipa, inaweza kuhesabiwa kuwa imeshindwa kulipa madeni yake. Kwa asiyetaka, tishio hilo humtetemesha hata na benki yake. Kwa anayebisha kwa dhati, mahakama itakufukuza na kukutoza gharama, kwani utaratibu wa ufilisi haukuwekwa kuamua ugomvi. Na ukifanikiwa kumfilisi, mavuno yanagawanywa kwa wadai wote. Umelima shamba la kijiji kizima.

Hesabu ya kwenye karatasi

Chukua deni la 1,000,000. Mdaiwa anakubali kulipa 650,000 kwa awamu sita na jambo liishe. Unamwamini kiasi cha asilimia 80, kwa hiyo ofa yake ina thamani ya 520,000 kwako.

Sasa kesi. Tuseme una asilimia 80 za kushinda, lakini mali yake huijui vizuri, kwa hiyo nafasi ya kukamata kitu baada ya kushinda ni nusu kwa nusu. Zidisha: 400,000. Toa gharama za 150,000, umebaki na 250,000. Pokea ile ofa, na usione haya.

Badilisha mambo mawili tu. Una hati ya mapokezi iliyosainiwa na kugongwa muhuri, nafasi ya kushinda inakuwa asilimia 90. Una uhakika ana jengo kwa jina lake lisilo na rehani, nafasi ya kukamata inakuwa asilimia 90. Sasa ni 810,000, toa 150,000, unabaki na 660,000. Ofa ya 650,000 imekuwa ndogo, na unaweza kumwambia hivyo bila kupaza sauti. Deni ni lile lile. Kilichobadilika ni karatasi na mali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mali ya mwenzio linahesabika humo.

Gharama zenyewe zisikuchanganye. Uingereza na nchi nyingi zilizorithi sheria zake, aliyeshindwa huamriwa kumlipa mshindi gharama, ingawa ni nadra zirudi zote. Marekani, kwa kawaida kila upande humlipa wakili wake mwenyewe. Usichokiweka kwenye hesabu ni siku zako: kuandaa ushahidi, kukaa kwenye benchi, kuahirishwa, kurudi. Ziweke.

Na kama hesabu inatoka hasi kila upande? Futa deni. Nchi nyingi zinakuruhusu kuliondoa kwenye hesabu za kodi ukionyesha ulijaribu kulikusanya, kwa hiyo zile barua bado zina kazi. Acha kumkopesha, umfungie akaunti, endelea na wateja wengine. Kuna watu wametumia miaka miwili kumfukuza mdaiwa mmoja huku wakipoteza wateja watano wanaolipa.

Muda unamhudumia nani?

Kila deni lina ukomo wa kudaiwa mahakamani. Kwa deni la mkataba wa kawaida, Kenya na Tanzania ni miaka 6. Ufaransa ni 5. Ujerumani, India na Afrika Kusini ni 3. Saa huanza kuhesabu tangu deni lilipopaswa kulipwa, au, kama Ujerumani, mwisho wa mwaka huo. Haianzi siku mlipogombana kwenye simu. Katika mifumo mingi, mdaiwa akikiri deni kwa maandishi au akilipa sehemu kabla ya ukomo, saa huanza upya. Hiyo ndiyo faida niliyoiahidi juu. Kupiga simu kwako, hata mara elfu, hakusimamishi chochote.

Lakini ukomo wa kisheria ni ukuta wa mwisho. Deni huoza kabla ya hapo. Karani aliyepokea mzigo anahama, simu yenye ujumbe inapotea, kampuni inabadilishwa jina. Kwa maoni yangu, deni likipita siku 90 bila mpango wa maandishi, barua rasmi iende. Ahadi ya maandishi ikivunjwa mara ya pili, acha mazungumzo. Na ukisikia anauza magari, anahamishia mali kwa ndugu au wakurugenzi wanajiuzulu mmoja mmoja, usingoje siku 90 wala 9: muone wakili kuhusu amri ya kuzuia mali kabla ya hukumu. Mahakama haitoi amri hiyo kwa minong'ono, kwa hiyo nenda na kitu cha kuonyesha.

Mteja anayekununulia nusu ya mauzo yako ana saa yake peke yake, nakubali. Ila jiulize unalinda nini. Mteja mkubwa asiyelipa si mteja mkubwa. Kama faida yako ni asilimia 10, deni la 1,000,000 lililopotea linataka mauzo ya 10,000,000 kulifidia, na yeye ndiye anayetaka mzigo mwingine kabla ya kulipa wa kwanza.

Kabla ya kulipa ada ya kufungua kesi

Hakikisha unamshtaki nani. Jina lililoko kwenye bango la duka mara nyingi si jina lililosajiliwa, na hukumu dhidi ya jina lisilokuwepo haikazwi popote. Omba taarifa za usajili wa kampuni, ada yake ni ndogo ukilinganisha na kosa lenyewe.

Kisha fikiria siku ya kukaza hukumu kana kwamba ni kesho. Mahakama inaweza kuelekeza benki ya mdaiwa ikulipe kutoka kwenye akaunti yake, au wale anaowadai yeye wakulipe wewe badala yake. Dalali wa mahakama anaweza kukamata na kuuza mali. Lakini anayewaonyesha pa kwenda ni wewe. Kwa hiyo fungua faili lako la zamani, la enzi ambazo bado alikuwa analipa. Tafuta malipo ya mwisho aliyokutumia na uangalie yalitoka benki gani, tawi gani, akaunti ya jina gani. Nakili hayo kwenye karatasi ya kwanza utakayompelekea wakili.